Dogo ana div two ya 20: aende form five CBG, Clinical Officer au VETA umeme?

Kaka wa Kigogo
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza form four mwaka jana, kapata division two ya pointi 20. Kiswahili B, halafu Bios, Kemia, Jiografia, Historia, English na Civics zote C, Physics D, Hesabu F. Selection imetoka kapangiwa CBG (Kemia, Bios na Jiografia), shule ya bweni mkoani, mwezi wa saba anatakiwa kuripoti. Nyumbani hatuelewani kabisa. Mzee anataka form five maana anataka aone mtoto na joho la degree, bi mkubwa anataka akasome CO (Clinical Officer, tabibu wa diploma), dogo mwenyewe kashikilia umeme, VETA (chuo cha ufundi stadi). Pesa iliyopo ni ya kupeleka sehemu moja tu, tukikosea ndo basi. Naomba waliopita huko waniambie ukweli.

Ticha wa Kemia
Nafundisha advance, naomba nianze na CBG. Gharama ndo nafuu kwake, ada ya five na six kwa shule za serikali ilifutwa 2022, mtabaki na sare, godoro, nauli na vitu vidogo vidogo. Akimaliza anahitaji principal mbili (masomo mawili ya kuanzia A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 ili aombe degree (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), sio mlima mkubwa kwa mtu anayesoma. Shida zipo mbili. Kwanza CBG wanasoma BAM (hesabu za msingi za advance) na yeye hesabu ana F, atateseka. Pili, na hili wazazi wengi hawaambiwi mpaka mtoto amalize six: CBG haina Physics kwahiyo kwenda MD (degree ya udaktari) moja kwa moja haipo. Muulize mzee anaposema degree anawaza degree gani. Kama ni udaktari njia hiyo imeshafungwa, kama ni kilimo pale SUA (chuo kikuu cha kilimo Morogoro), mazingira, wanyamapori au ualimu, hapo sawa. Na msipigie bajeti Samia Scholarship, ile ni ya wale wanaoongoza sayansi.

Mama Zahanati
Mimi ni CO, niko zahanati ya kata. Kwa matokeo hayo anaingia Clinical Medicine vizuri tu, wanataka pass nne zisizo za dini, Kemia, Bios na Physics ziwemo, na D inatosha. Ni miaka mitatu, NTA level 4 mpaka 6 (ngazi za vyuo, ya 6 ndo diploma). Ila kakangu usidanganywe na ada iliyoandikwa kwenye fomu, private ni zaidi ya milioni kwa mwaka halafu bado hosteli, mitihani, sare na field, na ukiwa field mbali na nyumbani unajilipia chumba na chakula. Mikopo ya diploma ya bodi ya mikopo imeanza 2023/24 lakini ni kwa fani wanazozitaja kwenye mwongozo wao, msidhani kila kozi ya afya imo.

Uzuri wake mlango wa MD unabaki wazi, ukitoka na GPA ya 3.0 unaomba. LAKINI wanarudi kuangalia cheti cha form four na wanataka angalau D ya Hesabu na English pia. Hiyo F itamfuata mpaka huko. Kuhusu ajira niseme tu, vijana wanaojitolea hapa kwetu wakisubiri ajira portal (mfumo wa kuomba ajira serikalini) ni wengi na ni wachapakazi, inaniuma kuwaona.

Mdau wa Moro
Naongezea hapo kwa Mama Zahanati, kabla ya kulipa hata shilingi ingia tovuti ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati na ufundi) uangalie chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe ina ithibati, halafu uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani na wako wangapi kwa wodi. Mpwa wangu alipelekwa chuo kimoja majengo mazuri kweli, kufika wodini wanazunguka kitanda kimoja umati wa watu, wa nyuma hata mgonjwa hamuoni. Sasa huyo ndo atakuja kututibu jamani.

Fundi Soketi
Na kijana mwenyewe kasema umeme jamani mbona mnampita. VETA ya serikali ada bweni ni 120,000 kwa mwaka, kutwa 60,000, ongeza overoli, buti, tesa, plaizi na bisibisi. Fomu zinatoka kuanzia mwezi wa nane hivi, masomo Januari. Mwanzoni ni kutindua ukuta na kupitisha waya kwenye bomba, vumbi mpaka puani, asiyependa kazi ataonekana hapo hapo. Kikubwa asiishie kwenye cheti, atafute leseni ya fundi umeme ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji). Bila leseni unafunga wayaringi nyumba nzima halafu fomu ya TANESCO unampelekea mwenye leseni akugongee muhuri na hela anakata, yani umefanya kazi wewe anakula na mwingine. Na shule haijaisha, akifika NVA level three (ngazi ya tatu ya cheti cha ufundi stadi) anaweza kuomba NTA level 4 aendelee na diploma.

Kaka wa Kigogo
Nashukuru sana. Nimemuuliza mzee, kweli alikuwa anawaza daktari, hakujua habari ya Physics. Dogo likizo yote yuko na fundi mmoja mtaani, juzi kafunga soketi za chumba cha bibi na sakiti breka yake, fundi kaja kukagua hakurudia kitu. Swali, akienda VETA hiyo hesabu anaweza kurisiti (kurudia mtihani) huku anasoma?

Ticha wa Kemia
Anaweza. Usajili wa private candidate (mtahiniwa wa kujitegemea) NECTA, baraza la mitihani, huwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani Novemba, wa mwaka huu umeshapita kwahiyo ni Januari, atajisajili wakati huo huo anaanza VETA. Kuanzia sasa mpaka Disemba mtafutie tuisheni ya Hesabu jioni, mchana abaki na fundi wake. Ahakikishe anaanzia topiki za form one na two, wengi wanaorisiti wanakimbilia past paper na mwanzo hawana.

Fundi Soketi
Na mkuu uko Kigogo, VETA ya Chang'ombe sio mbali, aombe kutwa alale nyumbani. Afike mwenyewe aulize fani na nafasi, zinagombewa sana asisubiri wiki ya mwisho.