UKOO WETU 🏔 (gumzo la Jumamosi usiku)

Dogo Uyole: Shikamooni wote. Kuna albamu nimeisikia jana, usingizi umekata. Inaitwa Duma. Naituma hapa 👇

Shangazi Iringa: Marahaba baba. Mbona simu yangu inakoroma? Spika imeungua?

Dogo Uyole: Haijaungua shangazi, ndivyo ilivyorekodiwa 😅

Bamdogo Kyela: Nimeifungulia kwenye bajaji. Abiria kaomba ashuke Kasumulu hatujafika.

Mama: Tangu jana anatutetemeshea mabati. Nilidhani mashine ya kusaga imehamia chumbani kwake. Na huyo anayepiga mayowe kafanywa nini?

Dogo Uyole: Ni vijana wawili wa Nairobi mama. Mmoja mitambo, mwingine ndiye huyo wa mayowe. Ilitoka 2020, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ndio hao hao waliotoa Sounds of Sisso 2017, ile ya singeli ya Dar.

Dada Tukuyu: Singeli hata ikimbie vipi unapata pa kushika. Kuna maneno, kuna utani, kiuno kinajua kazi yake. Hii nashika wapi?

Dogo Uyole: Hushiki dada. Mara ya kwanza nilizima dakika ya tatu, kichwa kinagonga. Nikarudia gizani, nimejifunika blanketi. Ni kama mvua ya Machi kwenye bati: mwanzo kelele tupu, ukitulia unaanza kusikia ndoo peke yake, mfereji peke yake, majani ya mgomba peke yake. Chini ya zile ngoma kuna mvumo umetulia tuli. Nilipousikia huo nikaacha kuogopa.

Shangazi Iringa: Duma yule mnyama?

Dogo Uyole: Hapana, wanasema kwa Kikuyu ni giza.

Shangazi Iringa: Giza!! Nakemea 🙏🙏

Mama: Subirini, babu yenu kaomba simu. Anaongea, mimi namchapia:
"Asikemewe mtoto. Sisi tulipocheza mganda kule Nyasa, kibuyu cha kuimbia tulikitoboa tundu tukalibandika utando wa buibui. Ukiimba humo sauti inakwaruza, inanguruma kama nyuki kwenye mzinga. Chako kikitoa sauti safi unachekwa, unarudi kutafuta buibui."

Dogo Uyole: BABU 😭 miaka yote hii hujaniambia!

Mama: Anasema hukuuliza. Na anasema huyo wa mayowe apewe maji.

Bamdogo Kyela: 😂😂😂

Shangazi Iringa: Haya, ukija nipakulie kwenye flashi. Ngedere wananimalizia mahindi.

Bamdogo Kyela: Dada usiwafukuzie huku kwetu.

Mama: Dogo, punguza sauti, babu yako anataka kulala. Kumbe anasema usipunguze. Mtajuana wenyewe.

Dada Tukuyu: Nimezima taa. Niko wimbo wa tatu, mtu asinipigie.