Kikokotoo cha pensheni: nani aamue kiasi cha kuliwa leo na kiasi cha kungoja kesho?

MTOA MADA

Ndugu zangu, nimebakiza miaka sita kustaafu katika utumishi wa umma, hivyo suala hili la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, linanigusa moja kwa moja. Wapo wanaosema mkupuo mkubwa, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa yote kwa mara moja mtu anapostaafu, ni haki ya mtu aliyekatwa mshahara kwa miaka thelathini, na wapo wanaosema mstaafu akikabidhiwa fedha nyingi kwa mara moja ataziponda, kisha atarudi kuwaomba watoto nauli.

Kabla ya 2018 wanachama wa PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma na wa serikali za mitaa, walilipwa mkupuo wa asilimia 50 ya pensheni yao, na wa mifuko mingine asilimia 25. Mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa mwaka huo kuwa mfuko mmoja, PSSSF, kanuni mpya zilitaka wote walipwe asilimia 25. Malalamiko yakawa makubwa, hata Rais Magufuli akaagiza mwezi Desemba kwamba vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha wale wa asilimia 50 ya zamani hadi 40, na wale wa asilimia 25 hadi 35.

Tumchukue mtumishi wa miezi 360 ambaye mshahara wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa mwaka huzidishwa kwa miezi ya utumishi na kugawanywa kwa 580, na hiyo ndiyo pensheni ya mwaka. Sehemu inayotolewa kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5, na inayobaki hugawanywa kwa miezi 12. Kwa asilimia 33 anapata mkupuo wa takribani milioni 30.7 na pensheni ya 415,900 kila mwezi. Kwa asilimia 40 anapata milioni 37.2 na 372,400. Tofauti, basi, ni milioni 6.5 mkononi dhidi ya 43,400 kila mwezi, na inachukua miaka 12 na nusu kwa hizo za kila mwezi kuifikia ile ya mkupuo. Aliyestaafu na miaka 60 akivuka 72 na nusu, kusubiri kumemlipa, asipovuka, hakukumlipa.

Nani anayejua kama nitavuka? Mimi ndiye ninayeijua sukari yangu na presha yangu, nyumba isiyoezekwa na ada ya mtoto wa mwisho. Kwa hiyo nashauri sheria iweke kiwango cha chini na cha juu cha mkupuo, tuseme asilimia 25 hadi 50, na mwanachama achague mwenyewe kati ya hapo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mwalimu wangu, kwa heshima zote, unaongea hivyo kwa sababu hujastaafu. Mimi niliondoka na asilimia 50. Mwezi ule wa kwanza nilipokea simu nyingi kuliko siku niliyofunga ndoa: muuza viwanja, mpwa mwenye mradi wa kuku, na rafiki wa zamani aliyekumbuka ghafla kwamba tulisoma pamoja. Nikanunua Hiace iliyotumika iwe daladala. Dereva alileta hesabu kamili kwa miezi minne, kisha zikaanza habari za gia, za trafiki na za matairi, na kabla ya miaka miwili kwisha niliiuza kwa bei ambayo sitaitaja hapa. Kinachonilisha leo ni ile pensheni ya mwezi ambayo wakati ule niliiona kama chenji. Uhuru wa kuchagua ni jambo jema, lakini mtumishi anaulizwa achague katika wiki ambayo kila mtu anajua ana fedha.

MCHANGIAJI WA PILI

Nafanya kazi ya uhasibu, na naona hesabu ya mtoa mada ni sahihi ila imeanzia katikati. Kikokotoo cha PSPF na LAPF hakikutofautiana na cha sasa kwa asilimia tu; kiligawanya kwa 540 badala ya 580, na kuzidisha mkupuo kwa 15.5 badala ya 12.5. Mtumishi yuleyule, kwa mshahara uleule, angepata mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya 333,300. Leo, kwa asilimia 40, amepunguziwa milioni 24.8 na kuongezewa takribani 39,100 kwa mwezi. Itamchukua karibu miaka 53 kuzirudisha. Huyo hajahamishiwa fedha zake kwenye uzee. Sehemu kubwa zimeondoka kabisa, na si haki kumwambia kwamba analalamika kwa tamaa ya kula leo.

Hata hivyo, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri 15 na mtumishi 5, na mfuko ulibeba pia watumishi walioajiriwa kabla ya 1999, ambao hawakuchangiwa kwa miaka hiyo, deni ambalo Serikali ilianza kulilipa kwa hatifungani maalum ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Kikokotoo cha zamani kilikuwa kizito kuliko kilichochangwa. Ningependa watawala waliseme hilo waziwazi, badala ya kutuhubiria nidhamu ya fedha.

MTOA MADA

Mhasibu amenirekebisha na nakubali. Kwa mzee wangu wa Hiace ninaongeza jambo moja: uchaguzi ufanyike na kusainiwa mwaka mmoja kabla ya kustaafu, kabla simu hazijaanza kulia. Lakini bado sijajibiwa kuhusu mfumuko wa bei. Ile 372,400 haipandi yenyewe kila mwaka pamoja na bei ya unga. Wanaotetea pensheni kubwa ya mwezi watueleze ikiwa wako tayari kudai kwamba nyongeza ya kila mwaka iandikwe ndani ya sheria, kwa sababu bila hiyo hata miaka 12 na nusu niliyoikokotoa ni michache mno.