MR2 ya 1991 inachemsha, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina Toyota MR2 ya 1991, naihudumia mwenyewe nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma. Ikitembea haina shida, ila nikisimama kwenye foleni mchana geji ya joto inapanda, na hita inatoa hewa baridi. Nimebadilisha themostati (vali inayofungulia maji ya kupoza injini), feni inazunguka, oili haijawa kama maziwa, yaani maji hayajachanganyika nayo. Kwa kuwa injini iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele, mabomba yanapita chini ya gari mwendo mrefu, nahisi upepo umenasa humo. Nimejaza kulenti (maji ya kupoza injini) upya mara tatu, bado. Gari hili nalipenda sana, sitaki kuunguza silinda hedi.

Mnatoaje upepo wote, mnanyanyua mbele au nyuma? Na nitajuaje kama tatizo ni gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) kabla sijafungua hedi?