Mashua isiyogusa maji, ya nini?

Fundi Kalafati: Salaam wakuu. Mimi naunda majahazi hapa Bagamoyo. Juzi mgeni kanionyesha picha ya ukuta wa hekalu la Karnak, Misri: makuhani wamebeba mashua mabegani, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zote zina kichwa cha kondoo dume. Haina tanga, haina kafi. Sasa kazi yake nini?

Binti wa Historia: Shikamoo fundi. Hicho ni chombo cha Amun, mungu wa Misri ya kale. Sanamu yake ilikaa kibandani katikati, nyuma ya pazia, raia wa kawaida hakuiona. Kwenye sikukuu ya Opet alitolewa Karnak kwenda hekalu la Luxor, karibu kilomita 3, na njiani kulikuwa na vituo vya kumpumzisha. Enzi za Farao Thutmose III sikukuu ilichukua siku 11. Kwa Farao Ramesses III, aliyekuja baadaye, zikapita 20.

Fundi Kalafati: Marahaba mwanangu. Kilomita tatu! Sisi kushusha jahazi ni hatua hamsini tu, tena tunavuta kwa kamba huku tunaimba, na usiku mgongo haulaliki.

Mvuvi Mstaafu: Wakipita mtoni waliipakia juu ya chombo kikubwa, Userhat, kilichopambwa dhahabu. Na watu waliiuliza mashua maswali ikiwa mabegani mwa makuhani: ikisogea mbele ndiyo, ikirudi nyuma hapana.

Fundi Kalafati: Hapo nimecheka peke yangu. Nina kijana mmoja mfupi, tukibeba mlingoti yeye daima anarudi nyuma. Angewanyima watu haki siku nzima.