Prodyusa hajanirudishia pesa ya mafuta na shuti imesimamishwa, nifanyeje?

Mwenye_Van: Wasee habari zenu. Niko na van hapa Umoja, Nairobi, na jenereta ya dizeli, kazi yangu ni kubeba watu wa filamu na kuwawashia stima loksheni. Kuna prodyusa tulielewana naye mdomo tu, ati nijaze mafuta mimi nitunze risiti, akilipwa na wenye kazi ananirudishia zote pamoja na pesa ya gari. Sasa tukiwa mtaa wa Jericho kanjo, wale askari wa kaunti, wakakuja kuuliza karatasi, vijana wa mtaa nao wakataka zao, kelele ikapanda, shuti ikasimamishwa na mpaka leo haijarudi. Nikipiga simu naambiwa vumilia. Na kila tarehe 14 EPRA, wale wa serikali wa kupanga bei ya mafuta, wakitangaza bei roho inadunda. Ningoje ama nijitoe?

Dere_wa_Kayole: Karibu duniani. Mimi tangu 2023 ushuru wa mafuta utoke 8% uende 16%, na Septemba ile petroli ikagonga 211 hapa Nairobi, sijapumua. Halafu 2024 ile ada ya barabara ikatoka 18 ikaenda 25 kwa lita na mashimo ya mtaani kwetu ni yale yale, mengine nimeyapa majina. Ongeza abiria kumi bob uone, anakuangalia kama umemuibia mtoto. Siku hizi nikipata mteremko nazima injini nashuka na maombi. Filamu waachie wenyewe, rudisha van steji.

Mama_Salon: Wewe dere unazima injini na watu wako ndani??

Dere_wa_Kayole: Mathe hiyo ni siri ya kazi.

Mshika_Bum: Turudi kwa mambo. Leseni ya kushuti inatolewa na KFCB, bodi ya filamu ya serikali, iko kwa sheria ya filamu, Sura ya 222. Lakini ukitaka kusimamisha magari barabarani ama kuweka jenereta kando ya njia, kaunti nayo unailipa kivyake. Wengi wanalipa moja wanadhani wamemaliza, kanjo wakifika kila mtu anaangalia viatu. Hiyo ni ya prodyusa, si yako. Ila kuna kitu hujasema. Pesa ya mafuta ulitoa wapi?

Mwenye_Van: Hiyo haihusiani sana.

Mama_Salon: Kama haihusiani si useme basi.

Mwenye_Van: Sawa. Ni ya chama chetu cha kuchangiana kwa zamu, mimi ndio mweka hazina. Lakini sikuiba, nilikuwa naizungusha tu, na zamu ilikuwa ya mtu hakuwa na haraka. Na huyo prodyusa ni shemeji yangu, mdogo wa bibi yangu. Sasa nimwambie tuandikiane kontrakti ndio nyumbani niulizwe mbona simwamini?

Mama_Salon: NILIJUA. Mweka hazina wetu alisema hivyo hivyo, anazungusha, ikazunguka mpaka Mtwapa na yeye akaifuata. Pesa ya chama ni karo ya watoto wa watu, ni kodi ya nyumba. Wewe usiulize ushauri, ita kikao useme.

Msomi_Milimani: Ndugu, usijitoe na usipige kelele. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Risiti unazo, meseji za "vumilia" unazo. Makubaliano ya mdomo pia ni makubaliano.

Mwenye_Van: Nimpeleke shemeji kotini? Krisi nitakula wapi? Hapana. Na mimi njia nishaiona. Siku ile tukitoroka Jericho taa mbili na stendi zake zilibaki kwa van yangu. Kuna jamaa wa Luthuli, kule tao kwa maduka ya vitu vya stima, ameahidi bei poa. Hiyo si kuuza, ni kujifidia.

Jicho_Pevu_254: Hebu simameni. Chama, shemeji, kanjo, taa za Luthuli, na mhusika anatoa siri moja moja tukimbembeleza? Hii ni skripti wasee. Jamaa ni mwandishi amekwama epsodi ya tatu na nyinyi mnamwandikia bure.

Dere_wa_Kayole: Basi nilipwe, sini ya mteremko ni yangu.

Mama_Salon: Mimi nitakuwa mwenyekiti wa chama. Mwenye mdomo.

Mwenye_Van: Mnacheka na mtu halali usiku.

Mshika_Bum: Ngojeni nimpime. Jenereta yako ni ya ngapi na inakunywa aje?

Mwenye_Van: kVA 10. Ikibeba nusu ya mzigo inameza kama lita mbili kwa saa, ukizima taa inashuka, na asubuhi ya baridi inakohoa moshi mpaka mtu wa soundi anatutukana. Mwandishi atajulia wapi hiyo?

Jicho_Pevu_254: Kwa simu, kama wewe.

Mshika_Bum: Mimi namwamini, ya mtu wa soundi haiko kwa simu. Swali la mwisho, hizo taa ziko na stika?

Mwenye_Van: Iko ya silva, na namba, hapo chini ya mpini. Kwani?

Mshika_Bum: Buda hizo ni za kukodi. Prodyusa wa saizi yake hanunui taa, anakodi kwa siku, na kila siku zikilala kwako deni lake linapanda. Pengine ndio maana hana ya kukulipa. Ukiuza umeuza mali ya mtu hata hamjuani, na namba iko kwa vitabu vyao. Mpigie shemeji sasa hivi umwambie ziko kwako.

Mwenye_Van: Shida ni kwamba nilimwambia kanjo walizibeba.

Msomi_Milimani: Ile ya mahakama nimeitoa. Usiende huko kabisa.

Jicho_Pevu_254: Aisee. Mwandishi angetunga uongo safi kuliko huo.

Mama_Salon: Na bibi yako anajua ziko wapi?

Mwenye_Van: Anadhani ni za harusi fulani.

Mshika_Bum: Zipeleke leo kwa waliozikodisha, uandikiwe zimepokelewa, umtumie shemeji picha ya hiyo karatasi KABLA hajakupigia. Ya mafuta mtaongea mita ikiwa imesimama.

Mwenye_Van: Na mafuta ya kuzipeleka nani ataweka?

Dere_wa_Kayole: Leta steji. Mzigo mia mia, na ukikaa mbele usiniulize mambo ya mteremko.