Kadi ya mkopo, riba 2.5% kwa mwezi: naweza kuomba wapunguze?

Mama Mapacha, Kamalondo
Jambo yenu wote. Nina kadi ya mkopo ya dola, banki moja hapa Lubumbashi. Deni limefika 1,200. Riba 2.5% kwa mwezi niliiona ndogo, mpaka mdogo wangu akanihesabia: 30% kwa mwaka! Kila mwezi nalipa kile kiasi cha chini, dola 60, na sijachelewa hata mara moja. Deni linashuka kama konokono. Naweza kwenda kuomba wapunguze ao watanicheka?

Kijana wa Katuba
Mama, achana na banki. Kwetu kuna papa mmoja anakopesha, hakuna karatasi, unapata siku hiyohiyo.

Mama Mapacha
Banki Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani? Hapana mwanangu. Jirani yangu alichukua 100 kwa papa kama huyo, mwisho wa mwezi wakamdai 150. Friji yake iko wapi leo?

Yaya wa Ruashi
Mimi niliomba, wakapunguza mpaka 2%. Lakini usiombee kwenye gishe, pale dirishani, yule binti hana uwezo wowote. Tafuta jestioneri wako, yule anayesimamia akaunti yako, na uende na barua. Andika mshahara unapita kwao tangu lini, miezi mingapi umelipa bila kuchelewa, na riba unayoomba. Itaje, usiseme tu "mnisaidie". Mara ya kwanza walinikatalia. Nilirudi na ofa ya banki nyingine, wakaniketisha vizuri.

Mzee wa Hesabu
Nilikaa banki miaka mingi, sasa napumzika. Barua ni sawa, ila mama, tazama hizi dola 60 zako. Mwezi huu 30 zinaliwa na riba, deni linapungua 30 tu. Ukiendelea hivyo utalipa miezi 28, na riba peke yake itakaribia 480. Wakikupunguzia mpaka 2%, ukabaki na 60 zako, bado ni miezi 26. Sasa chukua riba ileile ya 2.5%, ulipe 150: miezi 9, riba kama 156. Umeona nguvu iko wapi?

Na omba kitu kingine: wageuze deni kuwa mkopo wa kawaida, wenye tarehe ya mwisho. Mara nyingi riba yake iko chini ya ile ya kadi. Uliza kwanza ada ya dosye, ile ya kushughulikia maombi, isije ikala faida yote. Halafu niambie, unatoa pesa kwenye mashine na hiyo kadi?

Mama Mapacha
Papa… ndiyo. Minervali, ada ya shule ya watoto, Septemba. Na mzigo wa Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, mara mbili.

Mzee wa Hesabu
Nilijua. Ukinunua kitu dukani na kadi, kwa kawaida wanakupa siku kadhaa bila riba, kama hukuwa na deni la nyuma. Pesa taslimu haina siku hizo: riba inaanza siku ileile, na ada ya kutoa juu yake. Jestioneri ataiona kwenye hesabu zako kabla hujafungua mdomo.

Yaya wa Ruashi
Kweli, mimi waliniuliza hilo kwanza.

Mama Mapacha
150 siwezi. Likelemba yetu, ule mchango wa kupokezana, inanifikia mwezi ujao, dola 400, nilitaka kununua masini ya kushona. Basi nitaziweka zote kwenye deni, na kila mwezi nitajikaza kwa 100. Barua naandika leo. Kadi nimempa mume wangu aifiche, na yeye hajui namba ya siri.

Kijana wa Katuba
Mama, na masini?

Mama Mapacha
Itangoja.