Kikundi cha Familia: Maandalizi ya Kwaresima

Dada Mkubwa (Jumamosi, saa 1:10 asubuhi)
Bwana Yesu asifiwe, familia. Kama nilivyowatangazia wiki iliyopita, na wengi wenu mkasoma bila kujibu, Kwaresima inaanza Jumatano ijayo, Jumatano ya Majivu. Nimepanga kwamba kwa siku zote 40, ukiziacha Jumapili ambazo kwa desturi ya Kanisa hazihesabiwi, tufunge na kusoma Neno pamoja. Kila alfajiri saa kumi na moja nitatuma somo. Aliyeamka akasoma na kusali ataandika hapa "nimesali", na jioni ataandika "nimefunga". Nitaweka daftari, na majina ya waliokosa nitayataja kila Jumamosi ili tukumbushane kwa upendo. Naomba majibu kabla ya saa sita mchana.

Dada Mkubwa (saa 4:35 asubuhi)
Naona ujumbe umesomwa na karibu kila mtu. Kusoma si kujibu, wapendwa.

Shemeji (saa 4:50 asubuhi)
Dada, niandike, ila naomba saa yangu isogezwe mbele kidogo, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri roho yangu i radhi lakini mwili unakuwa umeanza usingizi upya.

Mpwa (saa 4:52 asubuhi)
Baba Mdogo, uangalie yasikukute ya Eutiko, aliyesinzia Paulo akihubiri hadi akaanguka kutoka orofa ya tatu.

Shemeji (saa 4:53 asubuhi)
Eutiko aliokotwa amekufa, lakini alirudishwa akiwa hai, kwa hiyo nina matumaini.

Dada Mkubwa (saa 4:58 asubuhi)
Tafadhali, tusiligeuze jambo la Mungu kuwa mzaha. Nasubiri majina.

Kaka wa Pili (saa 5:20 asubuhi)
Naunga mkono jambo hili, pamoja na daftari lake. Tangu nilipowekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, sijawahi kuiacha funga yangu ya Ijumaa, wala zaka yangu haijapata kuchelewa. Mtu asiyeweza kujinyima chakula cha mchana mmoja kwa ajili ya Mungu, atawezaje kusema kwamba anampenda? Nidhamu ndiyo iliyopotea katika familia hii.

Kitinda Mimba (saa 5:47 asubuhi)
Shikamoo Dada, shikamoo Kaka. Naomba mnisikilize kabla hamjaniona mkaidi. Sipingi kufunga, na nikijaliwa nitafunga. Ninachokiogopa ni daftari. Katika Mathayo sura ya 6 Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wafungapo wajipake mafuta na kunawa uso, ili watu wasijue kuwa wamefunga, bali ajue Baba aliye sirini. Sisi tunapanga kuandikiana kila jioni kwamba tumefunga, kisha kila Jumamosi kuwataja wasiofunga. Nikitazama mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, katika Luka 18, naona Yesu hakusema kwamba yule Farisayo alidanganya. Alikuwa anafunga kweli mara mbili kwa juma, ilhali torati ilimwagiza funga moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, na zaka alikuwa anatoa katika mapato yake yote. Kila alichokitaja alikuwa amekifanya. Lakini ombi lake halikuwa na kitu alichomwomba Mungu, kwa kuwa hakuona kwamba ana upungufu wowote, na aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki ni yule mwingine, ambaye hakuwa na la kuonyesha ila kujipiga kifua na kuomba rehema.

Dada Mkubwa (saa 6:15 mchana)
Mdogo wangu, aya hizo nazijua. Lakini nawe soma Luka 4:16, uone kwamba Yesu mwenyewe aliingia katika sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake". Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, hata baada ya kujua kwamba amri ya mfalme imekwisha kutiwa sahihi. Waebrania 10 inatuonya tusiache kukusanyika pamoja. Desturi si adui wa imani. Tangu Baba atutoke, ni nani kati yetu aliyempigia mwenzake simu kwa ajili ya kuomba naye tu? Nimeomba niambiwe, na nyote mnajua jibu. Kama daftari ndilo litakalowaamsha, basi na liwaamshe.

Mpwa (saa 6:31 mchana)
Mama, ninauliza kwa heshima. Mtu akiandika "nimesali" kumbe hakusali, daftari litajuaje?

Shemeji (saa 6:33 mchana)
Hapo daftari litahitaji daftari la pili la kulikagua.

Dada Mkubwa (saa 6:34 mchana)
Shemeji.

Kitinda Mimba (saa 7:25 mchana)
Dada, swali la kijana ni zito. Mimi linanipeleka kwa John Wesley, yule mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, kwa sababu ndiye mtu ambaye daftari lolote lingemsifu. Alikuwa kasisi tangu 1728. Pale Oxford yeye na wenzake walifunga kila Jumatano na Ijumaa, walishiriki meza ya Bwana kila juma na waliwatembelea wafungwa gerezani, hata wanafunzi wengine wakawacheka kwa utaratibu wao. Mwaka 1735 akavuka bahari kwenda Georgia kuhubiri Injili, na aliporudi Uingereza mwaka 1738 alikuwa anajiuliza yeye mwenyewe ataongolewa na nani. Usiku wa tarehe 24 Mei 1738 alikwenda bila hamu kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London, ambako mtu mmoja alikuwa anasoma dibaji ya Luther katika Waraka kwa Warumi. Saa tatu kasorobo, kwa maelezo yake mwenyewe, moyo wake ukapata joto la ajabu, akajua kwamba anamtegemea Kristo peke yake na kwamba dhambi zake, naam zake yeye, zimeondolewa. Miaka yote ile alikuwa ameshika dini kuliko sisi sote humu tukijumlishwa. Alichopata usiku ule hakikuwa zoezi jingine la kuongeza juu ya mazoezi yake.

Dada Mkubwa (saa 8:02 mchana)
Umesimulia vizuri, lakini umeishia katikati. Baada ya usiku ule Wesley hakuacha kufunga wala kuiendea meza ya Bwana. Katika ushirika wa Fetter Lane, kikundi cha maombi alichokuwamo huko London, walitokea watu waliofundisha kwamba asiye na imani kamili akae kimya tu, asisali, asisome Maandiko, asishiriki meza, hadi Mungu atakapompa imani. Wesley alibishana nao, na mwezi Julai 1740 akajitenga nao, kwa kuwa aliamini kwamba sala, Neno na meza ni njia ambazo Mungu mwenyewe ameziweka za kuwapatia watu neema, na mtu hukaa njiani ambako anajua mwenyeji wake hupita. Ndiyo maana sitawaacha mkae kitandani mkisubiri moyo upate joto.

Kitinda Mimba (saa 8:20 mchana)
Hapo Dada nakubaliana nawe kabisa. Ninachosema ni kwamba njia haiwezi kuwa ushahidi kwamba mtu amefika. Ibrahimu alimwamini Mungu, akahesabiwa haki katika Mwanzo 15, na tohara haikuja hadi sura ya 17. Paulo anausisitiza mpangilio huo katika Warumi 4 kwa sababu alijua tunavyopenda kuitanguliza alama. Yakobo naye anatuonya kwa upande wa pili, kwamba hata mashetani huamini kwamba Mungu ni mmoja, na hutetemeka, kwa hiyo kukiri kwa kinywa bila matendo nako ni mzoga. Nilipokuwa mdogo nililala chumba kimoja na Mama. Alikuwa anasali kwa sauti ya chini, akidhani nimelala, na kila usiku alimtaja kwa jina yule jirani aliyemzushia lile neno ambalo wakubwa mnalijua. Hakuomba aadhibiwe. Aliomba apone mguu. Na mguu ulipomzidi, Mama ndiye aliyekwenda kumgeuza ubavu kitandani, kumbadilisha shuka na kumsafisha kidonda, wakati watu wa jumuiya yake ya maombi walikuwa wanasimama mlangoni. Sijui Mama alifunga mara ngapi maishani mwake. Najua tu kwamba alimwamini Kristo.

Shemeji (saa 8:41 mchana)
Huyo Mama nilimkuta. Sina mzaha hapo.

Kaka wa Pili (saa 9:05 alasiri)
Mama alikuwa mtu wa pekee, wala hakuna anayebisha. Lakini tusiutumie wema wake kuhalalisha uvivu wa kiroho wa watu ambao hata kanisani hawaonekani. Wapo humu wanaosoma bila kuandika, na mahudhurio yao tunayajua.

Kaka wa Tatu (saa 10:30 jioni)
Nimekaa kimya katika kikundi hiki kwa muda mrefu, na ningeendelea kukaa kimya kama nisingetajwa bila kutajwa. Ni kweli kwamba kanisani sionekani, hasa kanisa lile ambalo wewe ndiwe unayepokea sadaka mlangoni. Nilijaribu. Kila nilipotaka kuuinua uso kusali nilikuona wewe mbele, na nikakumbuka siku ile ya karatasi. Ilikuwa siku ya Ijumaa, Kaka. Ulikataa maji uliyokaribishwa, ukasema umefunga, kisha ukatia sahihi. Isaya sura ya 58 inasema watu walimlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye haoni, naye akawajibu kwamba wanafunga wapate kushindana na kugombana. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi kuliko unavyodhani, nikiwa nyumbani kwangu.

Dada Mkubwa (saa 10:34 jioni)
Hili si mahali pake. Tulikubaliana kwamba lile jambo halitaandikwa humu.

Kaka wa Pili (saa 10:40 jioni)
Lile lilitatuliwa kwa utaratibu, mbele ya mashahidi. Sitabishana katika kikundi. Dada, endelea na orodha.

Mpwa (saa 10:52 jioni)
Nimeshindwa kuelewa. Karatasi zipi?

Dada Mkubwa (saa 10:53 jioni)
Wewe nenda kasome.

Kitinda Mimba (saa 11:15 jioni)
Dada, kwa heshima zote, nadhani hapa ndipo mahali pake. Tukisoma kila alfajiri kwa siku 40 na jambo hili likiwa limelala katikati yetu, tutakuwa tunasoma nini? Yohana anasema asiyempenda ndugu yake ambaye amemwona, hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona. Simlaumu Kaka wa Pili peke yake. Ndugu yangu Kaka wa Tatu, kisasi nacho kinaweza kukaririwa kwa uaminifu kila siku kama sala, na anayekikariri asijue kwamba amekigeuza kuwa ibada yake.

Kaka wa Tatu (saa 11:40 jioni)
Neno lako limenichoma, mdogo wangu. Sina jibu la haraka.

Baba Mkubwa (Jumapili, saa 2:05 usiku)
Wanangu, hamjambo. Mjukuu amenisomea yote tangu jana, nami namtamkia maneno haya naye anaandika. Dada Mkubwa, ninakushukuru kwa kuishughulikia familia. Bila wewe tungekuwa tunakutana makaburini tu. Lakini daftari liweke chini. Imeandikwa, "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Haikuandikwa kwamba wewe una neno juu yake. Imeandikwa kwamba yeye ana neno juu yako. Kwa hiyo Kaka wa Pili, mwanangu, wa kuanza kusimama ni wewe, hata kama mashahidi walikuwa wengi. Nawe Kaka wa Tatu, atakapokuja usimfungie. Nilikuwa nimemshika baba yenu mkono siku yake ya mwisho. Hakuuliza habari za shamba wala za kanisa. Aliuliza, "Wanaongea?" Sikumjibu. Nataka nyinyi wawili mje kwangu kabla ya Jumatano, na mje bila karatasi.

Dada Mkubwa (saa 2:50 usiku)
Tumesikia, Baba Mkubwa. Daftari nimeliweka chini.

Shemeji (saa 3:02 usiku)
Amina, Baba Mkubwa. Shikamoo.

Kaka wa Pili (saa 4:48 usiku)
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimelisoma neno lako mara kadhaa. Nitakuja Jumanne jioni baada ya kikao cha wazee. Ninaomba ieleweke kwamba kuja kwangu si kukubali kwamba utaratibu ulikosewa.

Kitinda Mimba (saa 4:51 usiku)
Kaka, ungeweza kuishia kwenye "nitakuja".

Dada Mkubwa (Jumatatu, saa 12:40 asubuhi)
Kaka wa Tatu, naona umesoma ujumbe wa Baba Mkubwa tangu usiku. Nijibu hapa, au nipigie mimi, au mpigie yeye mwenyewe. Wengine, masomo yanabaki kama nilivyopanga, ila hakuna atakayeandika kitu wala kutajwa. Jumatano tutaanza na Isaya 58, na ninahitaji mtu wa kuongoza sala. Kitinda Mimba, uko tayari?

Kitinda Mimba (saa 1:15 asubuhi)
Niko tayari, Dada. Lakini kama Kaka wa Tatu atakuwa amekwenda kwa Baba Mkubwa, ningependa aongoze yeye.

Mama Mdogo (saa 7:30 mchana)
Wanangu, simu yangu ilikuwa na matatizo, ndiyo kwanza naona ujumbe wa Jumamosi. Niandikeni kwenye daftari, mimi naamka mapema siku zote. Na mbona Kaka wa Tatu ameniuliza sasa hivi kama Jumanne Baba Mkubwa atakuwepo nyumbani, kuna nini?